Mrejesho: Ile ofa ya mhasibu msaidizi Dodoma

Wakuu, niliuliza kama nikubali nafasi ya mhasibu msaidizi hapa Dodoma kwa mshahara wa 800,000 kwa mwezi, wakati nilitarajia uhasibu kamili kwa 1,200,000. Nimesaini, ila baada ya barua ya ajira kurekebishwa.

Aliyesema nilinganishe kinachofika mkononi alinifumbua macho. Kwenye 800,000, NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) 10% ni 80,000. PAYE (kodi ya mshahara) hukokotolewa kwenye 720,000 inayobaki, inatoka 60,000. Bodi ya Mikopo, kwa mkopo wangu wa elimu ya juu, 15% ni 120,000. Mkononi 540,000. Kwenye 1,200,000 makato ni 120,000, 152,000 na 180,000; mkononi 748,000. Pengo la laki nne limeshuka hadi 208,000! Angalieni tu kama posho zimo ndani ya mshahara uliotajwa, maana Bodi hukata kwenye mshahara wa msingi.

Cheo ndicho kilichoniumiza kichwa zaidi, kwa sababu mwajiri anayefuata husoma cheo kabla ya majukumu. Niliomba neno "msaidizi" liondolewe, wakakataa. Nikaomba majukumu yaorodheshwe, ikiwemo kufunga hesabu za mwezi na usuluhishi wa benki (kulinganisha vitabu vyetu na taarifa ya benki), pamoja na tathmini ya miezi sita yenye kiwango kipya cha mshahara kwa tarakimu. Wameandika 1,000,000 kwa atakayefaulu. "Tutaangalia mbele ya safari" ya mdomo haina pa kushikia.

Nauli ya kutoka Nkuhungu ninakokaa hadi kazini Mtumba bado inatoka kwenye hiyo 540,000, kwa hiyo natafuta chumba Ihumwa, karibu na kazi.