Naombeni ushauri: kikundi chetu cha wahumanisti kimealikwa kushirikiana na taasisi ya dini, wanachama wamegawanyika

Kalamu Nyeusi (mleta mada)

Wakuu, habari za saa hizi. Siku ya nne leo sipati usingizi, naombeni mawazo yenu.

Mimi ni katibu wa kikundi kidogo cha wahumanisti. Kwa wasiojua, ni watu tunaoamini kuwa mtu anaweza kuishi vyema, kutenda haki na kumjali mwenzake bila kutegemea dini. Hatugombani na imani ya mtu. Tupo 14, tuna katiba ya kurasa sita, tunakutana mara mbili kwa mwezi. Kikao cha kwanza ni cha mada na mjadala, cha pili ni cha kazi. Tumezibua mitaro, tunafundisha watoto hesabu jioni, na mara tatu kwa mwaka tunakwenda kuchangia damu kwa pamoja.

Sasa taasisi moja ya dini hapa tulipo imetuandikia. Wanataka tarehe 14 Juni, Siku ya Wachangia Damu Duniani, tufanye zoezi la pamoja kwenye ukumbi wao. Wao ni mamia, sisi ndio hao 14. Sharti lao ni moja tu, shughuli ifunguliwe kwa sala.

Kikundi kimepasuka katikati. Wengine wanasema damu haina dini, twendeni. Wengine wanasema tukikubali sala leo, kesho tutaitwa mbele kutoa ushuhuda. Mwenyekiti amesafiri, mzigo umebaki kwangu. Tukubali au tukatae?

Mama Pacha

Kwanza hongereni sana. Nilipojifungua pacha wangu nilipoteza damu nyingi mno, nikaongezewa uniti mbili. Nakumbuka ule mfuko ulivyoning'inia, nikawa nahesabu matone nisije nikalala nisiamke. Mpaka leo sijui ilikuwa damu ya nani, wala sikuuliza kama anasali.

Ila mzingatie muda. Mwanaume miezi mitatu kabla hajarudia, mwanamke minne. Mdogo wangu alidanganya tarehe akaanguka pale pale getini. Msiwabebe watu kwa hamasa tu.

Mtumishi wa Shamba

Mwanangu, hiyo barua usiione kama barua. Mnaitwa nyumbani. Utu mnaouhubiri umetoka kwa aliyeuumba huo utu. Nendeni, na sala ikianza msizibe masikio.

Akidi

Mnajadili sala, mimi naona tatizo la uongozi. Mwenyekiti akisafiri anayekaimu ni makamu, si katibu. Kazi ya katibu ni kuitisha kikao, kuandika muhtasari na kutunza nyaraka. Katiba yenu inasema akidi ni wangapi? Kama ni nusu, basi saba wakae, wapige kura, iandikwe, wasaini. Nimeona vikundi vingi vikifa, na vingi havikufa kwa sababu ya itikadi. Vilikufa kwa sababu mtu mmoja aliamua peke yake halafu wenzake wakasikia mtaani.

Jongoo wa Mtaa

Sala ya kufungua haina shida mkuu. Muulizie ile ya kufunga, hiyo ndiyo haina mwisho.

Nuru ya Jioni

Nami ni mhumanisti, nipo kwenye kikundi cha mbali na huko. Lilitukuta jambo kama hili. Tulikubaliana hivi: wanaosali wasali, sisi tunasimama kimya na mikono mbele, hatuitiki wala hatuchezei simu. Na kwenye ratiba waliandika "sala, kisha dakika ya ukimya kwa wote". Dakika hiyo moja ilimaliza ubishi. Ukisoma Azimio la Amsterdam, tamko la misingi ya wahumanisti duniani, lile la 1952 na hili lililohuishwa Glasgow 2022, hutaona mahali linapotuambia tujitenge na majirani.

Tafakari

Mleta mada, nimesoma mara mbili. Mtu hakosi usingizi siku nne kwa sababu ya sala ya dakika tatu. Kuna kitu umekiruka. Umeshawajibu?

Kalamu Nyeusi

@Tafakari ndiyo, nimeshawajibu. Jumatatu. Nilikubali.

Ila sikutumia jina la kikundi. Niliandika "Kikundi cha Wachangia Damu wa Kujitolea". Na mchoraji wa bango nilimpigia nikamwambia aiondoe ile alama yetu, mtu aliyeinua mikono, ile wanayoitumia wahumanisti tangu 1965. Akaniuliza aweke nini badala yake, nikamwambia tone la damu.

Naomba mnielewe. Sijadanganya. Sisi ni wachangia damu kweli na tunajitolea kweli. Ningeandika neno wahumanisti, nusu ya watu wao wangebaki majumbani, na anayepungukiwa ni mgonjwa. Niliwafikiria wagonjwa.

Akidi

Nilijua! Nani alikuidhinishia?

Tafakari

Wagonjwa umewafikiria, sawa. Lakini mtu anayefikiria wagonjwa hapigi simu kwa mchoraji. Kwa nini uliliogopa jina?

Kalamu Nyeusi

Aliyesaini barua yao, kwa niaba ya kamati ya akina mama, ni mama yangu mzazi.

Hajui. Mwaka wa tatu huu. Anajua Jumamosi nakwenda kwa "wenzangu wa kujitolea", anafurahi, wakati mwingine ananifungia chakula tule wote. Siku za ibada huwa nasema nina kazi.

Msiniambie niwe jasiri tu, kama vile ni kuvua koti. Mubarak Bala wa Nigeria, aliyekuwa rais wa wahumanisti wa kule, alikamatwa 2020 kwa maandishi ya Facebook, 2022 akahukumiwa miaka 24. Rufaa ikapunguza hadi mitano, akatoka Januari 2025. Najua hapa si kule, na mama hawezi kunipeleka popote. Ila nimeona anavyowalilia watoto wa wenzake "waliopotea". Sitaki nitajwe kwenye maombi yake kwa jina hilo.

Nuru ya Jioni

Pole sana ndugu yangu. Lakini Bala usimtumie kujifichia. Yeye alifungwa kwa kuandika kwa jina lake mwenyewe.

Mzee Kifaru

Niwape kisa. Nikiwa masomoni Norway, mwenye nyumba wangu alinialika kwenye kipaimara cha kiraia cha binti yake. Wahumanisti wa kule wanacho tangu 1951. Vijana wanahudhuria mafunzo ya miezi kadhaa ya maadili, haki za binadamu na namna ya kufikiri, kisha inafanyika sherehe kubwa ukumbini. Mimi mtu wa dini, nilikwenda nimenuna. Nikakuta bibi wa yule binti, mcha Mungu kuliko mimi, amekaa safu ya mbele kavaa vazi lao la kitaifa, vifungo vya fedha vinametameta mpaka shingoni. Nikamuuliza, hili halikuumizi? Akaniambia liliniumiza mwaka mzima, lakini mjukuu wangu alikuja mwenyewe akanieleza, akanywa kahawa yangu mpaka ikapoa.

Kile kikombe sijakisahau. Mengine ya sherehe ile nimeshasahau.

Mama Pacha

Mzee umeniliza mchana kweupe.

Shaka Tupu

Samahanini wadau, mimi naona chai tu hapa. Hebu tuhesabu. Moja, mahali padogo mpaka taasisi inajua kikundi chenu, halafu mama wa katibu hajasikia kwa miaka mitatu? Mbili, taasisi inaandika barua kwa kikundi isiyojua jina lake? Tatu, kati ya watu wote, anayesaini ni mama yako? Nne, mwenyekiti kasafiri. Kwenye nyuzi za kutunga mwenyekiti husafiri siku zote. Mtu anaandika tamthilia yake humu nyie mnatoa machozi.

Jongoo wa Mtaa

Kweli bwana, hata mimi hiyo ya mama kusaini ilinigonga. Ilikaa vizuri kupita kiasi.

Mtumishi wa Shamba

Awe ametunga au hakutunga, ujumbe umefika.

Akidi

Hapana, kama ni hadithi mtuambie. Nimeandika kwa dhati hapa, nilikuwa naandaa hata mfano wa muhtasari.

Tafakari

Subirini. @Shaka Tupu hoja yako ya pili ni nzuri kuliko zote. Mleta mada, ilikuwaje barua ikaja bila jina?

Kalamu Nyeusi

Nilikaa nikatazama hii simu karibu saa nzima. Mniite mtungaji kama mnataka, lakini nitasema lililobaki. Na mimi ni dada, si kaka.

Barua ile niliichapa mimi.

Mama macho yamechoka na kompyuta haijui. Barua zote za kamati yao huniletea nichape, na majibu yakija namsomea. Mwezi uliopita alikwenda kumwona mgonjwa hospitali, muuguzi wa kitengo cha damu akamwambia kuna vijana wanakuja kila baada ya miezi minne hawakosi, kumi na kitu. Jina hakumtajia, mama naye hakuuliza. Akarudi nyumbani amewaka furaha. Akakaa chini akaandika kwa mkono kwenye karatasi ya daftari, herufi kubwa kubwa, tarehe ameipigia mstari mara mbili kama kawaida yake: "Kwa Katibu, Kikundi cha Wachangia Damu wa Kujitolea." Akanipa nichape. Akasema, hawa watoto wamelelewa.

Nikachapa. Akasaini. Akanituma nimpelekee yule muuguzi awafikishie hao vijana. Nikatembea na bahasha mpaka njia panda, nikageuka. Kwa hiyo nilichapa mwaliko mwenyewe, nikaupokea mwenyewe, nikaujibu mwenyewe. Na jina nililotumia kwenye majibu ni lile alilotupa mama. Mnaoona nimelitunga mjue sikulitunga.

Mwenyekiti amesafiri kweli, amekwenda kumuuguza baba yake.

Mama Pacha

Dada njoo nikukumbatie.

Shaka Tupu

Nimesoma. Weka picha ya ile karatasi basi tuamini.

Akidi

@Kalamu Nyeusi usithubutu. Mwandiko wa mama yako utajulikana na kamati nzima. @Shaka Tupu nawe, amini au usiamini, lakini usimchome dada wa watu.

Shaka Tupu

Sawa, nimekubali. Naomba radhi kwa ile ya tamthilia. Hakuna mtungaji angefikiria kugeukia njia panda.

Tafakari

Dada, sasa naweza kukujibu. Una mambo mawili na umeyafunga furushi moja.

La mama ni lako. Kifungu cha 18 cha Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu la 1948 kinampa mtu uhuru wa kubadili dini au imani yake. Hakikupangii siku ya kumwambia mzazi. Ukitaka miaka mingine mitatu, ni yako.

La kikundi si lako. Umefuta jina la watu 13 ili ufiche siri ya mmoja. Kuna mwenzenu hapo ambaye kulisema jina hilo kumemgharimu?

Kalamu Nyeusi

Yupo. Kwao walimtoa nyumbani. Amehama na begi moja, sasa anaishi kwa rafiki yake.

Bango lilichangiwa na wanachama, lakini yeye alitoa zaidi ya nusu.

Sijamwambia kuhusu tone la damu.

Mzee Kifaru

Basi huyo ndiye wa kwanza kuongea naye. Kabla ya mama, kabla ya makamu.

Jongoo wa Mtaa

Dada mimi huwa natania tu humu, lakini leo nakuambia mpigie leo hii hii.

Kalamu Nyeusi

Naogopa wataniondoa ukatibu. Na zoezi likivunjika? Mama ameshawaandikisha watu zaidi ya themanini. Bado naona jina lingeweza kusubiri mpaka baada ya tarehe 14, tukae chini kwa utulivu, tuwe tumeshachangia. Si bora hivyo?

Tafakari

Waulize wao. Usituulize sisi.

Akidi

Kikao cha dharura. Ajenda moja. Muhtasari asiandike yeye, aandike mwingine, kwa sababu ana maslahi kwenye jambo lenyewe. Na tafadhali, mhesabu akidi kabla hamjaanza.

Nuru ya Jioni

Na ratibani muombe ile dakika ya ukimya. Msisahau kwa sababu ya haya mengine.

Mtumishi wa Shamba

Dada, nilikuandikia vibaya pale mwanzo. Binti yangu naye huwa ana kazi kila siku ya ibada. Sijawahi kumuuliza ni kazi gani.

Mama Pacha

Siku ya tatu kimya. Mrejesho dada?

Kalamu Nyeusi

Mrejesho wakuu, na mnisamehe kwa kuchelewa.

Nilianza na yule mwenzetu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza bango liko wapi. Nikamwambia kwa mchoraji. Akatoka akaenda kulitazama, peke yake. Siku mbili hakupokea simu yangu. Ya tatu akaja kwenye kikao akakaa kiti cha mbali na mimi.

Tulikuwa 11. Makamu aliongoza, muhtasari aliandika mwingine. Kura 9 jina lirudi, 2 lisubiri. Kura moja kati ya hizo mbili ni yangu, sitawaficha. Sala imepita bila ubishi pamoja na dakika ya ukimya, ahsante @Nuru ya Jioni. Ukatibu sijaondolewa, ila barua zote sasa zinasainiwa na wawili.

Alama inarudi kwenye bango. Mchoraji amesema ataiacha na lile tone.

Barua mpya imeshachapwa, ina jina letu kamili na majina ya viongozi chini, langu likiwa la pili. Walitaka kuituma kwa mtu mwingine, nikaomba niipeleke mimi. Mama ataipokea, ataitazama juu juu, halafu atanirudishia nimsomee.

Ni kesho jioni, akitoka kwenye kamati.