Naomba ushauri: mdogo wangu hajarudi kutoka ziwani tangu Septemba. Nikimwombea kama marehemu, nitakuwa nimekosa imani?

Dada wa Mwanga

Bwana Yesu asifiwe wapendwa, na ndugu zangu Waislamu nawatakia mfungo mwema. Nimekuwa msomaji tu humu miaka mingi, leo nimelemewa naomba mnisikilize. Nitaandika kirefu, mnivumilie.

Niko Mwanga, Kigoma mjini. Mwaka jana mnakumbuka ziwa letu lilifungwa, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, ili samaki wazaliane. Sina ugomvi na uamuzi huo, dagaa walikuwa wanaisha kweli. Ila mdogo wangu, wa mwisho kwetu, mimi ndiye niliyemlea baada ya baba kufariki, kazi yake ilikuwa hiyo moja tu. Miezi mitatu alikula kwa mkopo dukani na alikuwa na deni la tajiri mwenye chombo. Ziwa lilipofunguliwa akawa hakosi giza hata moja, yaani zile siku zisizo na mbalamwezi ambazo dagaa huvuliwa kwa taa. Lile giza la mwanzoni mwa Septemba upepo wa kusi ulikuwa mkali, wengine walilala. Yeye na wenzake watatu wakaenda.

Waliokuwa jirani yao wanasema taa za chombo chao zilionekana mpaka saa nane usiku, kisha hazikuonekana tena. Miili ya wawili iliokotwa. Mmoja alipona, akatolewa na watu wa mtumbwi asubuhi. Mdogo wangu hajaonekana mpaka leo.

Sasa shida yangu. Mama hakubali kwamba amekufa. Anasema mawimbi yamemvusha Kongo. Kukicha vizuri milima ya Kongo tunaiona kutoka huku, na yeye huikodolea macho kama mtu anayesubiri kuitwa jina. Tangu Goma kule Kongo ilipotekwa na waasi mwishoni mwa Januari, kisha Bukavu Februari, redio haitoki mkononi mwake. Mwenzake akisikia vita anasikia vita, yeye anasikia watu wanakimbia, labda na mwanawe yumo. Waliposema maelfu wanavuka mto Rusizi kuingia Burundi, hakulala. Anashuka ufukweni Kibirizi kwa miguu, kila akisikia mtu anaongea Kiswahili cha Kikongo anamuuliza, "Hamjamwona kijana ana kovu juu ya nyusi ya kushoto?"

Katikati ya hayo kuna mama mmoja wa maombi amemwambia mwanawe yuko hai, ameshikwa na waasi, na ili afunguliwe atoe sadaka ya laki mbili. Ameshatoa elfu themanini. Alifuga kuku, sasa kuku hawapo.

Upande wa baba, wazee wa kijijini Buhigwe wanasema miezi sita imefika, roho ya mtoto inahangaika, tuzike mgomba badala ya mwili ili msiba ufungwe.

Na mimi niko katikati. Jumatano ya Majivu nilikwenda kanisani, Padri akanipaka majivu akasema, "U mavumbi wewe, nawe mavumbini utarudi." Nikalia mpaka watu wakanigeukia. Mdogo wangu hakurudi mavumbini. Jumuiyani mwezi huu wa Machi 2025 zamu ya kuongoza sala ni yangu, na nia tuliyopewa ni amani ya Kongo na afya ya Baba Mtakatifu Fransisko aliyeko hospitalini. Nikisema "tuwaombee waliopotea vitani", mama anajibu kwa sauti kuliko wote. Tukifika marehemu wa jumuiya, "Raha ya milele uwape, ee Bwana", ananitazama kuona kama nitataja jina. Sitaji. Mwaka huu wa 2025 ni Jubilei, bango la kanisani limeandikwa matumaini, na neno hilo limekuwa mwiba kwangu.

Simu yake siku ile aliiacha nyumbani inachaji. Kila siku saa kumi na moja jioni inalia kengele aliyoitega ili asichelewe kushuka ufukweni. Hakuna mwenye moyo wa kuifuta. Inalia, tunanyamaza, inakoma.

Maswali yangu: Je, nikimwandikia misa ya marehemu bila mwili nimemzika mtu ambaye Mungu anaweza kumrudisha? Mgomba nao? Na mama nimwambieje?

Moto wa Maombi

Dada pole, lakini nitakwambia ukweli. Usikiri mauti kwa kinywa chako. Lazaro alikaa kaburini siku nne na bado akatoka. Ukiandika jina lake kwenye vitabu vya wafu umefunga mlango. Mama yako ana imani kuliko wewe. Funga siku tatu, kavu, simama naye.

Mvuvi wa Zamani

Pole sana mwanangu. Nimevua ziwa hili miaka ishirini na sita, Kibirizi, Katonga, mpaka kusini Karema. Nitasema kwa upole lakini nitasema.

Kusi ya Agosti na Septemba ikishuka usiku wa manane haikupi nafasi ya kugeuza chombo. Na ziwa letu si bwawa. Kina chake kinafika mita 1,470, kwa duniani linazidiwa na Baikal tu. Ukitoka Kibirizi kwa mashine muda si mrefu uko juu ya maji ambayo nanga haigusi chini. Anayezama karibu na ufukwe huibuka baada ya siku kadhaa. Anayezama kwenye kina, kule chini uzito wa maji ni mkubwa, mara nyingi haibuki. Nimepoteza wenzangu wawili namna hiyo, hatukupata hata shati. Kutokuonekana mwili si dalili kwamba amevuka. Na kutoka huku hadi ng'ambo si chini ya kilomita arobaini. Kwa usiku ule, mikono mitupu, hapana.

Swali langu ni moja. Yule aliyepona, mmekaa naye? Sisi wavuvi tunaopona huwa tunaikimbia familia ya mwenzetu. Si kwamba hatuna la kusema. Tunaona aibu kuwa hai. Mtafuteni.

Katekista Kasulu

Dada, nianze na Moto wa Maombi, kwa heshima. Lazaro alifufuliwa kweli, lakini kabla ya hapo dada yake alimwambia Yesu usoni, "Bwana, kama ungalikuwapo hapa, ndugu yangu hangalikufa." Martha alikiri mauti ya kaka yake. Alisema amekufa, na tena alimlaumu Bwana kwa kuchelewa. Yesu hakumkemea. Sijaona mahali aliposema "umefunga mlango". Aliuliza mmemweka wapi, kisha akalia. Hivyo tusimtwike huyu dada mzigo ambao Bwana hakumtwika Martha, na yeye pia ni dada aliyefiwa na ndugu.

Kuhusu misa: Kanisa linaruhusu kabisa misa ya kumwombea marehemu hata mwili usipopatikana. Nenda kwa paroko, mweleze kama ulivyotueleza. Kumwombea mtu raha ya milele hakumuui. Kama kwa muujiza yuko hai mahali, sala hiyo haitapotea, Mungu anajua pa kuipeleka.

Yale majivu nayo yameniumiza nilipokusoma. Nakupa mstari mmoja, Ufunuo 20:13: "Bahari ikawatoa wafu waliokuwamo ndani yake." Yohana aliyeandika alikuwa kisiwani, kazungukwa na maji. Yeye hakuona kwamba mtu akifia majini Mungu amempoteza. Nimezika watu wengi, lakini mstari huo niliuelewa siku tulipofanya ibada ya kijana wa Ilagala ambaye hakupatikana. Tulisimama ufukweni na msalaba wa mti. Mama yake alichota maji kwa kiganja, Padri akayabariki palepale.

Laki mbili usitoe, na mama asiongeze hata mia. Hakuna aliyemnunulia Lazaro ufufuko.

Mgomba mimi nisingezika. Siwadharau wazee, nia yao ni kuwatuliza walio hai. Lakini mama yako hakubali kuwa mwanawe amekufa, utampelekaje mbele ya shimo lenye mgomba umwambie ndiye huyu? Ataona mnamdanganya.

Mha wa Mjini

Hapo kwenye mgomba sikubaliani na katekista moja kwa moja. Kwetu baba mdogo alipotea, mgomba ukazikwa, na Padri alikuja baadaye akaombea pale pale. Bibi alikuwa na mahali pa kwenda kupalilia. Mtu bila kaburi anapalilia wapi? Mimi naona wazee waulizwe kama watakubali msalaba bila mgomba, shamba la familia, jina na mwaka. Wengi wanachotaka ni mahali tu.

Mtoto wa Ujiji

Pole dada yangu. Mimi ni Mwislamu, mfungo wetu na Kwaresima yenu vimeanza wiki moja mwaka huu, basi tuko kwenye maombi pamoja. Kwetu Mtume (s.a.w.) amefundisha kuwa anayekufa kwa kuzama anahesabiwa miongoni mwa mashahidi. Na mwili usipopatikana tunamswalia swala ya ghaibu. Ujiji hapa si jambo geni, ziwa halichagui dini. Ninachotaka kusema, kumswalia asiyeonekana si kukata tamaa. Ni haki yake. Usimnyime ndugu yako haki yake kwa kuogopa maneno ya watu.

Binti Fizi

Dada pole ya sana. Mimi niko kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, nimefika mtoto, mama alinibeba mgongoni wakati wa vita ya kwanza, ile ya 1996. Nimesoma ulivyosema mama yako anauliza Wakongo ufukweni, nimelia, juu mama yangu mimi alikuwa anauliza Watanzania vilevile. Kaka yangu mkubwa tulipotezana njiani. Miaka karibu thelathini.

Naomba nikueleze kitu. Kutafuta si vibaya, lakini kutafuta kuna njia yake. Msalaba Mwekundu wanafanya kazi ya kutafutia watu ndugu zao waliopotezana, hata kambini huku wapo. Unaandikisha jina, umri, alama kama hiyo kovu, wanauliza upande wa pili. Mpeleke mama aandikishe. Hawadai pesa. Yule anayedai laki mbili hajui hata Uvira iko upande gani.

Mama yangu alipoandikisha alipumzika kidogo. Alisema, sasa anayetafuta si mimi peke yangu. Jibu halijakuja, lakini aliacha kusimama barabarani.

Na kuhusu kuombea Kongo, usione haya kwamba moyo wako uko kwa mtu mmoja. Sisi wote tunaoombea Kongo tunaombea mtu mmoja mmoja. Wiki hizi sina habari za shangazi yangu Bukavu, simu haipatikani.

Moto wa Maombi

Katekista nimekusikia. Dada, niliandika kwa haraka, naomba unisamehe. Mimi pia nilimwombea mke wangu hivyo mpaka siku ya mwisho, sikumuaga.

Dada wa Mwanga

Moto wa Maombi, nimekusamehe, na pole sana kwa mkeo.

Wapendwa narudi baada ya siku tisa. Nimefuata neno la Mvuvi wa Zamani. Yule kijana aliyepona anakaa kwa dada yake Bangwe, hajashuka tena ziwani. Nilikwenda na mama Jumamosi. Alipotuona mlangoni alitaka kutoka kwa mlango wa uani. Mama akamwambia, "Kaa mwanangu, sikuja kukudai."

Alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema yote. Chombo kilipopinduka walishika dumu moja wawili, yeye na mdogo wangu. Walikaa hivyo mpaka nyota ya alfajiri ikatoka. Mdogo wangu akasema, "Mikono yangu imekufa." Basi. Alipogeuka hakumwona. Anasema hakumwambia mtu kwa sababu dumu lilimbakia yeye.

Nilidhani mama atapiga kelele. Aliuliza kitu kimoja tu, "Alikuwa anasikia baridi?" Kijana akasema ndiyo, mama, sana. Mama akavua kitenge chake cha juu akamfunika yule kijana mabegani, kwenye joto lile la saa saba mchana. Tulikaa hapo hadi jioni. Tuliporudi, kengele ya simu ilikuwa imeshalia bila sisi.

Msalaba Mwekundu tutakwenda bado. Mama anataka, nami sitamzuia. Ila Jumapili baada ya misa aliniambia mwenyewe, kaandike nia. Paroko amekubali, ibada itakuwa ufukweni Kibirizi, Jumamosi ya tarehe 29, saa tatu asubuhi. Wazee wa Buhigwe nimewapigia, wanakuja, suala la mgomba tutaliongea tukiwa tumekaa. Yule mama wa maombi alipita juzi, mama akampa maji ya kunywa, sadaka hakutoa.

Mvuvi wa Zamani, kama uko mjini tunaomba uje usimame na yule kijana, atahitaji mtu anayejua.

Binti Fizi, mama anauliza jina la kaka yako na la shangazi yako wa Bukavu. Nitumie faragha. Anasema tutayasoma kwenye sala, shangazi upande wa wanaotafutwa, na kaka yako wewe ndiye utakayesema tumweke upande gani.