Nina CPA(T), nipo Ohio: nianzie wapi kupata leseni ya uhasibu ya jimbo?

Binti wa Same

Wakuu, habari zenu. Nina shahada ya uhasibu ya miaka mitatu niliyosoma Dar, na CPA(T), sifa ya juu ya uhasibu ya Tanzania, niliipata 2016. Nilifanya ukaguzi wa hesabu miaka sita, nikifika mpaka kuongoza timu. 2023 tukaja Columbus, Ohio, kwa bahati nasibu ya viza, mimi, mume wangu na watoto wawili. Mwaka wa kwanza nilibeba boksi. Sasa nipo ofisini, naingiza ankara za wauzaji na kuandaa malipo.

Nina dola 3,000 nilizodunduliza. Mume wangu anasema nikasome uuguzi kama wenzetu wengi. Simlaumu, anaona kodi ya nyumba inavyopanda. Lakini kila nikifikiria kuuacha uhasibu, chakula hakishuki.

Je, CPA(T) inatambuliwa huku? Ile miaka sita inahesabika? Halafu kwenye LinkedIn na chini ya barua pepe za kazini nimeandika CPA mbele ya jina langu. Mwenzangu mmoja kaniambia CPA ni CPA tu. Ni kweli?

Mzee wa Leja

Dada, ziondoe hizo herufi leo hii kabla ya jambo lingine lolote. Huku neno CPA linalindwa na sheria ya kila jimbo, na anayelitumia bila leseni anaweza kushtakiwa na bodi. Hawataangalia kwamba ulilipata kihalali nyumbani. Kwenye wasifu wako eleza kwa kirefu kwamba umesajiliwa na Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu (NBAA), Tanzania. Itakuwa aibu kubwa kuja kuomba leseni kwenye bodi ileile iliyokuandikia barua ya onyo.

Nyambura wa Cleveland

Pole na hongera, dada. Mimi nilitoka Nairobi na CPA(K), ile ya Kenya, nikapita njia hiyohiyo hapa Ohio, kwa hiyo nitaandika kirefu.

Marekani haina leseni moja ya nchi nzima. Kuna bodi 55, ukihesabu majimbo yote, Washington DC na visiwa kama Guam na Puerto Rico. Mtihani ni mmoja kote, lakini sifa za kuingia na leseni yenyewe ni mambo ya jimbo. Ukisikia mtu wa Texas au Maryland anasema "mimi nilifanya hivi", msikilize, halafu nenda kasome ukurasa wa bodi ya Ohio.

Mikataba ya kutambuana ipo na nchi chache, kama Kanada, Australia, Ireland na Afrika Kusini. NBAA yenu na ICPAK yetu, taasisi ya wahasibu wa Kenya, hazimo. Kwa hiyo mtihani utaufanya wote. Ni masomo manne, saa nne kila moja, na alama ya kufaulu ni 75. Matatu ni ya lazima: ukaguzi (AUD), taarifa za fedha (FAR), na kodi pamoja na sheria (REG). La nne unachagua kati ya BAR (uchambuzi na taarifa za biashara), ISC (mifumo ya habari na udhibiti) na TCP (kodi na mipango yake). Wewe mkaguzi AUD haitakutisha. REG ndiyo ilinitoa jasho, maana kodi ya Marekani hatukuwahi kuisoma. Kila somo linapita dola 250, na ukifaulu moja saa inaanza kuhesabu: majimbo mengi sasa yanatoa miezi 30 kumaliza yaliyobaki, zamani ilikuwa 18.

Palipo na mtego ni kwenye shahada. Kampuni ya tathmini inageuza masomo yako kuwa krediti za Kimarekani, yaani vipimo vya masomo ya chuo, na shahada ya miaka mitatu mara nyingi haifiki krediti 120 za shahada ya huku. Usikate tamaa ikitokea. Krediti zinazopungua unaweza kuzitafuta kwenye chuo cha jamii, jioni au mtandaoni, kwa bei nafuu kuliko chuo kikuu, ila bodi ikubali kwanza. Usilipe tathmini yoyote kabla ya kuiuliza bodi inapokea ya kampuni gani. Mimi nililipa mara mbili kwa kutouliza.

Una bahati ya wakati pia. Sisi tulilazimika kufikisha krediti 150. Tangu Januari 2026 Ohio imefungua njia nyingine: shahada ya kwanza, uzoefu wa miaka miwili, na mtihani.

Sasa ile miaka sita. Uzoefu unathibitishwa na CPA mwenye leseni hai, na bosi wako wa Dar sidhani kama anayo ya huku. Kwa hiyo mimi ningeanza kutafuta kazi chini ya CPA hata kabla ya mtihani, hata kwenye ofisi ndogo ya kodi, ili miezi ianze kuhesabika. Je, bosi wako wa sasa ana leseni? Muulize. Wangu alikuwa nayo miaka yote na sikuwahi kujua.

Kaka Mwanza

Mimi nipo Texas. Nyambura kamaliza ya kupata leseni, niseme ya kuitunza, kwa sababu yangu nilishaipoteza.

Huku leseni inahuishwa kila mwaka, mwezi wako wa kuzaliwa, na unatakiwa saa 120 za mafunzo endelevu kila miaka mitatu, zisipungue 20 kwa mwaka. Maadili ni saa nne kila miaka miwili. California wao ni saa 80 kwa miaka miwili. Nilihama nyumba, sikuiarifu bodi anwani mpya, na vyeti vya mafunzo nilikuwa sivitunzi. Leseni ikaisha nikiwa nasaini kazi za watu. Kuirudisha kulinichukua wikendi za miezi mitano na faini juu, na mteja wangu mkubwa aliondoka. Fungua faili moja, kila cheti kiingie siku hiyohiyo.

Kama fedha haitoshi sasa, fikiria Enrolled Agent, yaani wakala wa kodi. Ni leseni ya serikali kuu, mitihani mitatu ya kodi tu, hawaulizi shahada, na inafanya kazi majimbo yote. Itakulipa huku ukijenga CPA, na REG utakuwa umeisoma nusu.

Binti wa Same

Asanteni sana, nimesoma na mume wangu akiwa pembeni. Herufi nimeziondoa kote. Leo nimemuuliza msimamizi wangu: yeye hana leseni, lakini mkurugenzi wa fedha anayo, na amekubali tuonane Alhamisi. Bodi nimeiandikia kuhusu kampuni za tathmini. Mume wangu kasema tujipe mwaka mmoja.

Kimebaki kimoja. Naona tathmini nyingi zinataka chuo kitume transkripti chenyewe, kwenye bahasha iliyofungwa. Nimepiga simu Dar wiki nzima bila mafanikio. Kuna aliyepita hapo?

Mama Hesabu

Niko Dar, mdogo wangu. Simu hazitakusaidia. Mtume ndugu yako chuoni, dirishani kabisa, na barua ya idhini uliyoisaini, nakala ya pasipoti na namba yako ya usajili, alipie, na akabidhi anwani ya kampuni ikiwa imeandikwa tayari. Aombe nakala mbili, moja ibaki kwako bila kufunguliwa. Aende asubuhi.