Mrejesho: taili za koki, chumba cha mama Kisumu

Mwezi uliopita niliuliza kama taili za koki (ndiyo, lile gome la vizibo vya mvinyo) zitafaa chumba cha mama, maana sakafu ya saruji inamuumiza magoti. Nimeziweka, asanteni.

Aliyenishauri nipime unyevu kwanza, Mungu akubariki. Nilibandika karatasi ya nailoni sakafuni kwa selotepu, kesho yake chini yake kumejaa matone! Tulingoja wiki tatu madirisha wazi, tukarudia hadi ikatoka kavu. Hata taili zenyewe zililala chumbani siku tatu nje ya boksi zizoee hewa.

Fundi alitaka kuanzia ukutani. Nikakataa, tukapiga mstari wa chaki katikati. Gundi inapakwa sakafuni na mgongoni mwa taili, unasubiri isishike kidole, kisha unaweka mara moja tu, haisogei tena. Mbili ziliharibika hapo. Juu, vanishi mikono mitatu.

Kosa langu: dirishani jua la jioni linapiga moja kwa moja na koki hupauka. Pazia linashonwa. Mama sasa anatembea bila viatu.