Wakuu naombeni ushauri, programu ya Python 2 naihamishaje kwenda Python 3?

Kibodi_Mbovu: Habari wakuu. Kuna programu ya stoo nimerithi kazini, iko kwenye Python 2.7, laini kama elfu 12, aliyeiandika kashaondoka na hakuacha maelezo hata mstari. Bosi anataka iende 3.13. Swali dogo tu, nianzie wapi? Msinitukane, usingizi sina.

Mzee_wa_Skripti: Python 2 ilizikwa 1 Januari 2020 mlikuwa wapi? Mimi nilipohama ripoti zote zilitoka na b'...' mbele ya majina ya wateja, maana huku maandishi na baiti ni vitu viwili tofauti, mteja akauliza hiyo b ni ya nini nikamwambia ni ya biashara 😂

Chuma_Chakavu: Andika upya kwa lugha ya Go, ulale.

Dada_Terminali: Kabla sijakujibu. Testi zipo? Git ya kutunza matoleo ya kodi ipo? Na hujagusa kitu?

Kibodi_Mbovu: Testi hamna. Git hamna, tulikuwa tunakopi folda, kopi ya mwisho ya mwaka juzi. Nimegusa kidogo tu.

Dada_Terminali: Kidogo ndo kiasi gani?

Kibodi_Mbovu: Nilipiga 2to3 -w -n folda nzima, ile zana ya kugeuza kodi ya Python 2 iwe ya 3, ikaandika juu ya faili zilezile. Kwenye seva yenyewe. Ila ilikuwa usiku hakuna mtu anatumia, na programu inawaka fresh kabisa, kwa hiyo habari za kurudi nyuma tuziache. Shida stoo inasoma katoni 3.5.

Mzee_wa_Skripti: Vijana mna haraka. Haraka haraka hiyo!

Dada_Terminali: Hiyo -n ndo imezuia bakapu, bila hiyo ungekuwa na faili za .bak sasa hivi. Katoni ni hivi: 7/2 kwenye Python 2 ilikuwa 3, kwenye 3 ni 3.5, na 2to3 haigusi hiyo alama kwa sababu haijui wewe ulitaka nini. Pitia kila / kwa macho yako, penye namba nzima weka //, hiyo inashusha jibu hadi namba nzima. Usiweke kila mahali utaharibu bei. Na round(2.5) sasa ni 2, sio 3, angalia hesabu zako.

Jicho_la_Tatu: Hii chai. 2to3 imeondolewa kwenye 3.13, huyu kaitoa wapi? Mnamshauri mtu hewa.

Kibodi_Mbovu: Mkuu nimetumia ile iliyokuja na 2.7, bado ipo kwenye seva.

Jicho_la_Tatu: Tupia skrinishoti.

Kibodi_Mbovu: Bosi kakaa nyuma yangu.

Jicho_la_Tatu: 😂😂 chai ya maziwa kabisa

Dada_Terminali: Chai au sio chai, jibu linamfaa mwingine. Kibodi, cheki kama kuna .pyc pembeni ya faili zako, zile kopi za kodi ambazo Python inajitafsiria yenyewe. Python 3 inaweka zake kwenye __pycache__, kwa hiyo zile za 2.7 haijazigusa, na kuna vifaa vya kuzirudisha kuwa programu inayosomeka. Maelezo ya ndani utayakosa ila mantiki nyingi utaipata.

Kibodi_Mbovu: Dada, ni zile nilizofuta jana nikisafisha folda?