Bakuli la shaba Mikindani: mapumziko, au tiba inayotakiwa kusajiliwa?

Bint Chikongola (mleta mada)

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za jioni. Hili nimelibeba wiki mbili, naomba mnisaidie kulipasua.

Tangu mnada wa mwisho wa korosho upite, upande wa Mikindani kuna nyumba moja kila Jumamosi alasiri wanatandika mikeka uani. Watu wanalala chali, kijana anapita katikati yao na mabakuli ya shaba anayagonga. Elfu ishirini kila mtu. Mlangoni kuna ubao wa chaki: TIBA YA SAUTI. USINGIZI, MSONGO, PRESHA, SUKARI, UVIMBE.

Mtaa umegawanyika. Wapo wanaotaka mwenyekiti awafungie, eti ni ushirikina. Wapo wanaotaka mabakuli yapelekwe zahanati siku za kliniki, bure, ili na wauza samaki nao wapumzike. Ninyi mnasemaje?

Kabla hamjanirushia mawe, mimi nimeenda. Bakuli lenyewe ni zito, ukubwa wa bakuli la uji, rangi ya sinia la zamani. Unalikalisha kwenye kiganja kilichokunjuliwa, maana ukilishika ukingo sauti inakufa hapo hapo. Ukiligonga linalia kama kengele, ila mlio haumaliziki upesi. Ukizungusha mchi wa mti ukingoni polepole, linaanza kuvuma. Ni kama kidole kibichi kwenye mdomo wa glasi: mchi unang'ang'ania, unateleza, unang'ang'ania, unateleza, mara mamia kwa sekunde, na ukingo unavutwa kuwa yai upande huu kisha yai upande ule. Macho hayaoni. Basi kijana akatia maji nusu, akazungusha. Kwanza vikunjo vikatokea pande nne za ukingo, halafu matone yakaanza kuruka yenyewe na kudundadunda juu ya maji. Mama mdogo akasema "Astaghfirullah" akasogeza mkeka wake. Hakuna jini pale, mama. Wanafizikia Denis Terwagne na John Bush waliyachunguza matone hayo hayo na kuchapisha mwaka 2011.

Na nililala, sitawaficha. Niliamshwa na koromo la jirani.

Shida ilikuja baadaye. Mama mdogo ana presha, anameza vidonge mwaka wa sita. Pale aliambiwa "mwili ukishapangika, dawa unapunguza taratibu". Yeye hakupunguza taratibu, aliacha. Siku ya kumi na mbili tukampeleka kupimwa presha, kichwa kikimpasuka: 190 kwa 110.

Msimamo wangu ni huu: mkeka sina ugomvi nao, bakuli sina ugomvi nalo, ugomvi wangu ni na ule ubao. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 iliunda Baraza linalosajili waganga. Ukiandika "presha" mlangoni umeshakuwa mganga, nenda kasajiliwe kama wenzako wa mizizi. Ukiandika "pumzika", wewe ni sawa na mwenye bembea ufukweni.

Kivuko Msangamkuu

2011 tulipanga foleni Loliondo kunywa kikombe cha dawa ya Babu kwa shilingi 500. Leo ni bakuli kwa elfu ishirini. Vyombo vinakua.

Abuu Naliendele

Dada, wewe umeangalia ubao, mimi naangalia asili. Mabakuli haya yametoka Nepal na Tibet, na vyombo vya aina hiyo vinapigwa kwenye mahekalu ya Wabudha wakati wa ibada. Muislamu anakwenda kulala chini ya chombo cha ibada ya wengine halafu anasema anapumzika? Usingizi una dua zake. Mimi sisemi wafungiwe kwa nguvu, nasema watu waambiwe ukweli wa kile wanacholipia.

Bint Chikongola

Abuu, ukweli huo nauunga mkono, tena tuuongeze. Kijana alituambia bakuli lina metali saba, ikiwemo dhahabu na fedha, na kwamba watawa wa Tibet wameponyea watu karne na karne. Yaliyopimwa mengi ni shaba na bati, bati kama sehemu moja ya tano, mchanganyiko ule ule wa kengele. Na hii biashara ya kuyafanya tiba imeshamiri Marekani na Ulaya tangu miaka ya 1970. Kwa hiyo aliyelala Mikindani Jumamosi amelala kwenye mtindo wa Wazungu zaidi kuliko kwenye ibada ya Tibet. Sijui kama hilo linakupunguzia wasiwasi au linakuongezea.

Mjukuu wa Fundi

Mnanichekesha. Bibi yangu alikuwa akipiga upatu. Si ule wa kuchangiana hela, ninyi watoto wa vikoba. Upatu wenyewe, sinia la shaba linalogongwa kwa vijiti kwenye ngoma ya pepo. Mgonjwa anafunikwa kaniki, udi unafukizwa, shaba inalia sikioni mwake usiku kucha mpaka anatetemeka, analia, kisha analala. Asubuhi anakunywa uji. Walimwita mchawi, wajukuu tukaona aibu, sinia likaishia kwa mnunua chuma chakavu. Leo shaba ile ile imepanda ndege, imewekewa mkeka msafi na bei, imekuwa tiba mbadala. Mkitaka kusajili, anzeni na kuomba radhi.

Tena bibi hakuwahi kumwambia mtu aache dawa za hospitali. Na mgonjwa hakulala peke yake. Ndugu wote walikuwepo, hata waliogombana naye. Mimi naamini nusu ya dawa ilikuwa hapo.

Sista wa Zamu ya Usiku

Niko wodini, nitaandika haraka. Presha haina kengele. Mtu anaweza kuwa na 180 anacheka na kupika. Kwa hiyo akijisikia vizuri baada ya kulala mkekani, anadhani imeshuka. Kulala chali na kupumua taratibu kunaweza kuishusha kidogo kwa muda huo, kisha anainuka, anapanda bodaboda, inarudi ilipokuwa. Kidonge kinafanya kazi usipokisikia, ndiyo maana watu hawakiamini.

Utafiti unaotajwa sana wa mabakuli ulichapishwa mwaka 2017 kutoka California, watu 62. Walijaza fomu kabla na baada, na walisema mkazo, hasira na uchovu vimepungua. Sawa. Ila hapakuwa na kundi la pili lililolala tu kimya kwenye mkeka bila bakuli. Mpaka leo mimi nashindwa kutenganisha kazi ya shaba na kazi ya mkeka.

Halafu waulizeni pale kama wanamhoji mtu kabla hajalala: una kifafa? una mimba? una mashine ya moyo? Wapigaji makini huuliza.

Mzee wa Ngalawa

Mke wangu alifariki mwezi wa tatu. Miezi minne nilikuwa nakaa barazani mpaka adhana ya alfajiri. Vidonge vya usingizi nilipewa, vilinipa kichwa kizito nikawa naogopa kuingia baharini. Nimekwenda kwa yule kijana mara tano. Nalala. Hakuniambia niache chochote, hakuniambia nina ugonjwa gani. Bakuli analiweka kifuani, likivuma nalisikia mpaka mgongoni, kama injini ya boti ikiwa mbali. Sasa ninyi mnataka usingizi wangu usajiliwe?

Bint Chikongola

Shikamoo baba, na pole sana kwa msiba. Hapana. Usingizi wako hakuna atakayeugusa, na kama mwenyekiti angewafungia ningekuwa wa kwanza kwenda kumpinga. Wewe hukuambiwa chochote. Mama mdogo aliambiwa. Kijana ni huyo huyo, bakuli ni hilo hilo.

Na Mjukuu wa Fundi, hapo kwenye radhi sina jibu, umenishika.

Juzi Jumamosi nilirudi, sikulala. Nilimweleza kijana habari ya 190 kwa 110. Alinyamaza muda, akaniuliza mama anaendeleaje, nikamwambia amerudi kwenye vidonge. Akaenda mlangoni, akafuta neno PRESHA kwa kiganja, chaki ikamjaa mkononi. Nikamwonyesha mengine mawili. Akasema hayo atamuuliza kwanza mwenye nyumba.

Leo nimepita na bodaboda saa kumi. SUKARI na UVIMBE bado vipo.