Mzee ametoka hospitali baada ya kiharusi, mkono tuuanzie wapi?

Mwana_Uyole: Habari wakuu. Mzee alipata kiharusi wiki sita zilizopita, upande wa kushoto. Anatembea kwa fimbo, ila mkono mzito na bega linamuuma tukimwinua. Mazoezi ya viungo hospitali ni mara moja kwa wiki. Siku nyingine afanye nini mwenyewe?

MazoeziTiba: Pole kwa kuuguza. Bega kwanza. Msimvute mkono wala kumwinua kwapani: misuli inayoshikilia bega imelegea, mfupa unateguka kidogo kidogo. Asogee ukingoni mwa kiti, nyayo azirudishe nyuma ya magoti, ainame mbele mpaka pua ipite magoti, ndipo asimame. Ninyi shikeni kiunoni. Akikaa, mkono ulale juu ya mto. Fimbo mkono wa kulia.

Kisha mezani: kitambaa chini ya kiganja, asukume mbele na kurudi mara 10, raundi tatu, asubuhi na jioni. Akiweza, achambue maharage. Mpira wa kufinya siushauri kama vidole vimeanza kujikunja na kukaza.

Muuguzi_Iringa: Naongeza: baridi hii ya Juni, asiupashe moto mkono huo kwenye jiko la mkaa. Ganzi haisemi, ataungua bila kujua. Avae glavu ya sufi.

Presha apimwe mkono wa kulia, baada ya kukaa dakika 5, mwandike. Dawa asiache hata akijisikia mzima.

Mwana_Uyole: Kiganja kimevimba kidogo, ni kawaida?

MazoeziTiba: Kiinuliwe juu ya mto. Kikiwa na joto, chekundu na kinauma, msisubiri siku ya kliniki.